Seli za Mama

12 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Bonge ameota jino la pili na sasa anamng'ata kila anayemkaribia. Dada akimnyonyesha hupiga kelele mpaka Shemeji anatoka bafuni na povu kichwani, akiuliza nani amevamiwa.

Nina ombi la shule. Mwalimu wa Biolojia anataka kila mwanafunzi wa kidato cha mwisho aeleze kazi moja ya sayansi inayofanywa na mtu anayemfahamu. Wengi wamechagua wauguzi. Mimi nimekuchagua wewe. Niliposema kwamba mama yangu tulimzika miaka miwili iliyopita lakini seli za uvimbe wake bado zinaishi kwenye chupa katika maabara yako, darasa zima liligeuka kunitazama. Kisha mmoja akauliza kama zinasikia. Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua.

Naomba unieleze unazifanyia nini, hatua kwa hatua, kwa maneno ninayoweza kuyasoma mbele ya watu. Na tafadhali zisalimie.

Dada naye anaulizia damu yake aliyokutumia. Hakusema hivyo. Alisema, "Ukimwandikia huyo Mama Mdogo wako, mkumbushe kuwa kuna watu hapa wana damu yao huko." Ana miadi hospitali mwezi ujao ya kupigwa picha ya matiti, kwa sababu ya Mama na Bibi. Anasema ukimwandikia mapema kuwa yuko salama, hatakwenda kukaa kwenye lile benchi la kliniki ya saratani.

Chiriku wako


2 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Hazisikii, lakini nimezisalimia. Fundi wa vifaa alikuwa amesimama nyuma yangu, na sasa maabara nzima inajua kwamba naongea na chupa.

Andika hivi. Kila seli ina maelekezo yake, kama kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi nne tu. Ndani ya kitabu hicho kuna jeni za kuzuia uvimbe. Kazi yake ni kuiambia seli: simama, usijigawe. Fikiria mwalimu wa zamu bwenini. Akiwepo, watu wamelala. Akiondoka, wewe mwenyewe unajua. Kila mtu huzaliwa na walimu wa zamu wawili, mmoja kutoka kwa mama, mwingine kutoka kwa baba. Katika ukoo wetu wako wanaozaliwa na mmoja ambaye tayari ni mgonjwa, hivyo amebaki mmoja tu, na siku akianguka hakuna wa kuzuia fujo.

Kipande cha uvimbe wa mama yako nilikikatakata mimi mwenyewe, nikakiweka kwenye chupa bapa yenye chakula cha seli, maji ya rangi ya waridi, kisha kwenye kabati lenye joto la mwili. Wiki tatu hazikukua. Zilikuwa zinakufa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Ijumaa moja nikachungulia kwenye hadubini nikaona zimejaa chupa, zimebanana, zina nguvu. Nililia pale pale. Nilisema, huyu ni dada yangu, hajawahi kukubali kushindwa. Tangu siku hiyo sisi sote tunaiita ile chupa "Mama".

Kisha nikazisoma kwa mashine, herufi kwa herufi, nikakuta kosa: herufi mbili zimedondoka katikati ya jeni moja ya kuzuia uvimbe. Mwalimu wa zamu hayupo. Nikatengeneza nakala nzima ya jeni, nikaiingiza ndani ya seli. Baada ya siku kumi na nne nikazipaka rangi ya zambarau na kuhesabu vidoa, maana kila kidoa ni ukoo wa seli moja iliyojigawa. Kwenye sahani isiyo na nakala nzima kulikuwa na vidoa mia mbili na kumi na vinne. Kwenye yenye nakala nzima, kumi na tisa. Ziliposikia sauti ya mwalimu, zilitulia.

Sasa mwambie dada yako akae chini. Nimesoma damu yake mahali pale pale penye kosa la mama yake. Herufi zote zipo. Hana kosa hilo. Alirithi upande mzuri. Aache hofu, amlee mtoto wake. Wewe utasubiri mpaka utimize miaka kumi na minane. Ndiyo sheria, hata kwangu mimi.

Mama yako mdogo


17 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma darasani yote, isipokuwa habari za Dada. Mwalimu ameniomba niiandike kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule zote. Nimechora sahani mbili, moja yenye vidoa mia mbili na kumi na vinne. Nilivihesabu kweli, nisije nikasema uongo.

Dada aliposoma sehemu yake alikaa sakafuni jikoni akalia, kisha akanyanyuka akacheza peke yake bila muziki. Bonge alimtazama kama anamwona mgeni. Siku hiyo hiyo aliifuta miadi ya hospitali. Barua yako ameibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali anapoiona kila asubuhi akivaa.

Kuna jambo dogo. Amepata kinundu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage, upande wa kwapa. Muuguzi wa kliniki ya watoto alimwambia aende hospitali kubwa, kwa kuwa mama yake aliugua. Dada akamjibu, "Aliugua yeye, mimi nimepimwa. Nina barua." Muuguzi akauliza barua ya nani. Dada akasema, "Ya mtu anayesoma vinasaba, si ya mtu anayepima uzito wa watoto." Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilimwambia twende tu, akasema, "Chiriku, punguza utaalamu. Huyu mtoto ana meno mawili na mimi nina matiti mawili. Unashangaa nini?"

Ni maziwa, sivyo?

Chiriku


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa maonyesho. Mimi pia nina langu: makala yetu juu ya seli za mama yako imekubaliwa na jarida kubwa. Mkuu wa maabara, ambaye hujawahi kumwona akicheka, alicheka. Limebaki jambo moja la kiutaratibu. Jarida linataka alama za utambulisho za seli zetu. Kila mtu ana mpangilio wake wa vinasaba usiofanana na wa mwingine, kama alama za vidole, na wanataka tuthibitishe kuwa seli ni za mgonjwa tuliyemtaja. Kipande cha asili cha uvimbe bado kipo hospitali, kimehifadhiwa kwenye nta, kwa hiyo tutalinganisha. Ni kazi ya siku chache.

Kuhusu dada yako, anayenyonyesha hupata vinundu vya maziwa, na mtoto mwenye meno huongeza. Akande kwa maji ya moto. Angekuwa na lile kosa ningekuwa wa kwanza kumkimbiza. Asiwe na wasiwasi.

Mama yako mdogo


9 Mei

Mwanangu,

Hamjambo? Naandika kwa haraka. Nimekuwa nikimfikiria dada yako. Nadhani ingekuwa vizuri akapigwe picha hata hivyo, si kwa sababu ya jambo lolote, ila kila mwanamke anapaswa. Mwambie kama wazo lako wewe. Usiseme nimesisitiza.

Hapa kazi zimekuwa nyingi. Natoa mirija ya zamani yenye seli zilizogandishwa kwenye pipa la baridi kali, nazikuza upya. Makala imechelewa kidogo.

Mama yako mdogo


20 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nilimwambia kama wazo langu. Akacheka mpaka Bonge naye akacheka. "Mtaalamu amesema nisiwe na wasiwasi, wewe unasema niwe nao. Sasa nimsikilize nani, mwenye maabara au mwenye daftari?" Basi nikamwambia ukweli kwamba wazo ni lako. Akafungua kabati, akaweka kidole kwenye mstari wako akausoma kwa sauti: "Alirithi upande mzuri." Akasema, "Mwambie aamini kazi yake mwenyewe."

Lile harage sasa ni kama yai la njiwa. Ngozi juu yake imeingia ndani, ina vishimo kama ganda la chungwa. Bonge amelikataa titi hilo. Dada anasema ana maringo kama baba yake. Shemeji ana safari nyingi za kazi, na Dada hamwonyeshi.

Nilipata nafasi ya pili kwenye maonyesho. Jaji mmoja aliniuliza, "Mlihakikishaje kwamba seli ni za mama yako?" Nikasema jina lake limeandikwa kwenye chupa. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sikuelewa kwa nini, ila nadhani hapo ndipo nilipokosa nafasi ya kwanza.

Mama Mdogo, naomba nikuulize waziwazi, na unisamehe kama ni utovu wa adabu. Kuna kitu? Ukisema kipo, nitamburuta Dada hospitali hata kwa nywele. Ukisema hakipo, nitanyamaza na kusoma kwa ajili ya mitihani. Nitafanya lolote utakaloniambia.

Chiriku


27 Mei

Mwanangu,

Soma kwa ajili ya mitihani. Hakuna kitu cha wewe kubeba. Dada yako ni mtu mzima, na mimi nafuatilia mambo yote. Nitaandika nikipata nafasi.

Mama yako mdogo


16 Juni

Mwanangu,

Mwite dada yako asome barua hii pamoja nawe. Kisha mwende hospitali leo, si kesho.

Majibu ya alama za utambulisho nimeyapata juzi. Nimeambatanisha nakala ili mwamini. Seli zilizo kwenye chupa si za mama yenu. Ni za mwanamke mwingine, aliyeugua saratani ya titi na kufariki kabla wewe hujazaliwa. Seli zake hutumiwa na maabara nyingi, nasi tulikuwa nazo kwenye kabati lile lile. Hukua kama magugu. Wiki zile za mwanzo nilikuwa nachota chakula cha chupa zote mbili kwenye chombo kimoja. Tone moja lililorudi na pipeti, ule mrija wa kuchotea, linatosha. Za mama yenu zilikufa zote. Ile Ijumaa niliyolia kwa furaha nilikuwa nazitazama za mgeni.

Kwa hiyo kosa nililolikuta, zile herufi mbili, ni la huyo mgeni. Kwenye damu ya dada yenu nilitafuta kosa la mtu asiyemhusu, na ni kawaida kwamba sikulikuta. Kosa la ukoo wetu liko mahali pengine ambapo sikuangalia. Nilipaswa kusoma jeni yote, mwanzo mpaka mwisho. Nilisoma mstari mmoja. Nilikuwa na hakika mno.

Barua yangu ya Februari haina maana yoyote. Ibandueni.

Najua, Chiriku, kwamba umekuwa ukimtumia salamu. Nisamehe kwa hilo pia.

Mama yako mdogo


8 Julai

Kwa Mama Mdogo,

Huyu si Chiriku. Ni mimi, mwenye damu.

Nimekwenda kwenye lile benchi. Wanasalimia vizuri. Daktari wa upasuaji ni kijana, ana mikono ya baridi, na hajui kudanganya, ugonjwa ambao mabingwa wakubwa wamepona. Alinipapasa kwapani, akapapasa tena pale pale. Kisha picha, kisha sindano, kisha picha nyingine za mgongo na ini. Saratani iko kwenye ini. Iko kwenye mifupa miwili ya mgongo. Nilimuuliza, ningekuja mwezi wa pili, siku ya miadi yangu, je? Akatazama tarehe kwenye faili, akasema, "Mama, tuongelee matibabu." Nimekuwa mama yake ghafla.

Nilikwenda na barua yako kumwonyesha. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Akasema imeandikwa vizuri sana.

Usijisumbue kuja. Ukija utalia, nami nitalazimika kukubembeleza, na nguvu zangu nazihesabu. Nina mtoto wa kubeba kutoka kitandani mpaka kwenye beseni, na kuna siku nashindwa.

Nikuambie kinachonichekesha. Nilipoanza kuumwa mgongo mwezi wa nne, nilijisemea ni uzito wa Bonge. Kila kitu nilikuwa na jibu lake. Ulinipa jibu moja, mimi nikajizalishia mengine yote. Angalau seli za kwangu zilikua kweli.

Dada yake Chiriku


30 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Dada yako alinikataza kuja, nami nikaona nisiandike pia. Naandika sasa kwa kuwa siwezi tena kukaa kimya, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Makala imeondolewa. Mkuu wa maabara amenipa chumba kidogo na kazi ya kuosha na kupanga, jambo ambalo ni haki. Lakini bado nina kabati langu la joto, na bado najua kazi. Nimesikia kwa Shemeji yako kwamba watamtoa dada yako kipande kingine cha uvimbe wiki ijayo. Tafadhali mwombe daktari aniwekee kidogo kwenye barafu. Ukubwa wa punje ya mchele unatosha. Nitakikuza peke yake, chombo chake, pipeti zake, alama za utambulisho siku ya kwanza kabla ya lolote. Safari hii tutakuwa na seli za ukoo wetu kweli. Kitu kizuri kitatoka katika haya yote. Siwezi kuamini kwamba hakitatoka.

Na wewe unakaribia miaka kumi na minane. Niruhusu nisome damu yako mimi. Nitasoma herufi zote.

Mama yako mdogo


19 Novemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Dada alifariki tarehe 27 Oktoba, saa nne asubuhi. Shemeji alikutumia ujumbe mfupi na ulikuja, najua. Nilikuona umesimama nyuma ya watu karibu na geti. Sikuja kukusalimia. Bonge ameanza kutembea, anakwenda mpaka mlango wa chumba chao, anaugonga kwa kiganja, anasubiri, anaugonga tena. Hatujapata la kumwambia, basi tunamwacha agonge.

Barua yako ya Agosti ilifika Dada akiwa bado anasoma mwenyewe. Niliificha, lakini aliiona. Alipofika kwenye ombi lako aliilaza barua kifuani. Kisha akasema, "Mwambie nimeisha. Hakijabaki kipande." Baadaye akabadili mawazo. Alisema, "Mpe. Pengine mtoto wa mtu atafaidika." Kwa hiyo daktari alikuwa tayari kukutumia. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia Dada kwamba nimekipeleka, naye akafariki akidhani kiko kwako. Nakuambia ili ujue kuwa mimi pia naweza kudanganya.

Nina jambo la pili. Niliwahi kukuuliza swali tarehe 20 Mei, na tarehe 27 ukanijibu nisome kwa ajili ya mitihani. Katika barua yako ya Juni uliandika kwamba majibu uliyapata juzi. Karatasi uliyoambatanisha ina tarehe juu, upande wa kulia, kwa maandishi madogo ya mashine. Imeandikwa 6 Mei. Sikuiona siku ile kwa sababu tulikuwa tunatafuta viatu vya Dada twende hospitali. Niliiona baada ya mazishi nilipokuwa napanga karatasi. Nimejaribu kukutetea. Nilijiambia ulikuwa unakuza seli za ile mirija ya zamani, ukitumaini mmoja utakuwa wa Mama, na kila mmoja huchukua wiki kadhaa kukua. Pengine ndivyo. Lakini mimi sikukuuliza kuhusu mirija. Nilikuuliza kuhusu Dada. Kuanzia 6 Mei mpaka 16 Juni ni siku arobaini na moja. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kalenda, mara mbili.

Daktari hakutaka nizihesabu. Alisema huenda hazikubadilisha chochote, kwamba mwezi wa tano ini lilikuwa limeshaguswa. Nilimuuliza, "Huenda?" Akasema, "Huenda." Hilo ndilo neno nililobaki nalo.

Hospitali walisoma jeni yote ya Dada, mwanzo mpaka mwisho. Kosa lipo, karibu na mwisho, herufi moja tu imebadilika. Daktari alinionyesha kwenye karatasi, na kwa kuwa ulinifundisha vizuri nilielewa kabla hajaeleza. Tarehe 2 mwezi huu nilitimiza miaka kumi na minane. Tarehe 3 nilikwenda peke yangu nikatoa damu wasome herufi hiyo.

Majibu yametoka jana. Muuguzi wa ushauri alinipa bahasha, akataka kunishika mkono, nikamwomba aniache nisome kwanza. Nilisoma mara moja, nikaelewa, nikaikunja. Shemeji hajui. Daktari hatakuambia, ni sheria, hata kwako wewe.

Sina nia ya kukunyima milele. Mama alikupenda, na Dada pia alikupenda kwa namna yake ya matusi. Nataka bado kusoma kazi yako, na kuifanya kwa uangalifu kuliko ulivyoifanya. Siku moja pengine nitakuja kwenye kile chumba kidogo unionyeshe namna ya kushika pipeti, nami nitakuonyesha namna ya kusema jambo siku unapolijua.

Nitakuandikia majibu yangu baada ya siku arobaini na moja, ukihesabu tangu jana. Itakuwa tarehe 29 Desemba. Usiandike kabla ya hapo, na usije. Fanya kazi zako, panga chupa zako, kula, lala. Mimi ninajua, na wewe utakuwa unajua kwamba ninajua.

Mtoto wa dada yako